Vitenzi-jina na vitenzi-vivumishi vya Kilatini: mwongozo kamili wa kuvitambua, kuvichambua na kuvitafsiri

Mwanafunzi wa Kilatini anayekariri bila kigugumizi njeo zote za *amo* bado anaweza kukwama mbele ya maneno mawili tu kama *ad legendum*, kwa sababu hapo kitenzi hakina nafsi, hakina njeo anayoitambua, na kinaishia kama nomino. Maumbo ya aina hii yamejaa katika Kilatini cha wanahistoria, cha sheria na cha Kanisa, na yangali hai katika mahakama za Tanzania, Kenya na Uganda, ambako wakili hubishania *locus standi* na jaji hutafuta *ratio decidendi* ya hukumu iliyotangulia. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msomaji ambaye amekwisha kujifunza makundi ya nomino, vivumishi vya kawaida na njeo kuu za kitenzi.

Kwanza, onyo. Vitabu vingi vya Kilatini vinavyopatikana kwetu vimeandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo umbo lake moja linaloishia kwa -ing hufanya kazi ya kitenzi-jina na ya kivumishi kwa pamoja, yaani mambo yale yale ambayo Kilatini huyatenga kwa uangalifu mkubwa. Anayepitia njia hiyo huchanganya *legens* na *legendi* kwa miaka. Kiswahili kinatupa njia iliyo fupi zaidi: kitenzi-jina chetu cha ngeli ya KU ni nomino kamili, tunasema "kusoma kwake kunapendeza", na papo hapo kinabaki kitenzi kinachoweza kubeba shamirisho, "kusoma vitabu". Kwa upande wa vivumishi tunayo "anayesoma", "akisoma", "kilichosomwa" na "cha kusomwa". Karibu kila umbo la Kilatini litakalotajwa hapa lina mwenzake humo.

Kuhusu istilahi, neno "uhusika" litatumika kumaanisha miisho ya nomino inayoonyesha kazi yake katika sentensi: nominativo kwa kiima, genitivo kwa umilikaji, dativo kwa anayepewa au anayehusika, akuzativo kwa shamirisho, na ablativo kwa njia, chombo, mahali au mazingira.

## Hatua ya kwanza: uliza kama neno linapatana na nomino

Vitenzi-jina ni vitatu: infinitivo (*legere*), gerundio (*legendi*) na supino (*lectum*). Vitenzi-vivumishi ni gerundivo (*legendus*) pamoja na partisipio tatu (*legens*, *lectus*, *lecturus*). Ukikutana na umbo lolote kati ya haya, swali la kwanza ni moja: je, ipo nomino ambayo neno hili linapatana nayo kwa jinsia, idadi na uhusika? Ikiwapo, umeshika kivumishi. Isipokuwapo, huenda ni kitenzi-jina.

Nasema huenda, kwa sababu kivumishi cha Kilatini kinaweza kusimama peke yake kikachukua nafasi ya nomino. Wanasheria husema *obiter dicta*, na hapo *dicta* ni partisipio ya kutendwa katika wingi wa jinsia isiyo ya kiume wala ya kike: "yaliyosemwa kwa kupita". Ajenda ya mkutano ni *agenda*, gerundivo ya wingi wa jinsia hiyo hiyo: "mambo ya kutendwa". Dalili ya kukuokoa ni kwamba vitenzi-jina havina wingi kamwe. Gerundio na supino ukiziona zina mwisho wa wingi, ujue sizo.

Nomino kama *lectio* (usomaji) na *lector* (msomaji) ziweke kando. Zimezaliwa na kitenzi lakini zimekwisha kuhama nyumba. Haziwezi tena kubeba shamirisho.

## Hatua ya pili: chukua infinitivo na gerundio kama nomino moja

Infinitivo ya sasa hutumika kama kiima, kama katika *errare humanum est*, "kukosea ni jambo la kibinadamu", ambapo kivumishi *humanum* kinaonyesha kwamba *errare* linahesabiwa kuwa nomino isiyo ya kiume wala ya kike. Hutumika pia kama shamirisho la vitenzi vya kutaka, kuweza na kuthubutu: *legere volo*, "nataka kusoma". Lakini infinitivo haina genitivo, dativo wala ablativo, na haiwezi kufuata kihusishi. Nafasi hizo zote hujazwa na gerundio, ambayo nayo haina nominativo. Ukiziunganisha unapata nomino moja iliyokamilika: nominativo *legere*, genitivo *legendi*, dativo *legendo*, akuzativo *legere* au, baada ya kihusishi, *legendum*, na ablativo *legendo*. Kwa hiyo *ad legere* ni kosa. Husemwa *ad legendum*.

Kuijenga si kazi. Chukua shina la sasa, ongeza -nd-, kisha miisho ya umoja ya kundi la pili la nomino: *amandi*, *docendi*, *legendi*, na kwa vitenzi vya kundi la nne pamoja na vile vya mfano wa *capio*, *audiendi* na *capiendi*. Kitenzi *ire*, "kwenda", hutoa *eundi*. *Esse* haina gerundio kabisa.

Genitivo ndiyo utakayokutana nayo mara nyingi zaidi, na kwa Mswahili ndiyo rahisi kuliko zote, kwa sababu ni kiunganishi chetu cha -a kikifuatwa na ku-. *Locus standi* ni "mahali pa kusimama", *modus operandi* ni "namna ya kutenda", *ratio decidendi* ni "sababu ya kuamua". Vivumishi vya kutamani na kuzoea navyo huitaka: *cupidus discendi*, "mwenye hamu ya kujifunza". Genitivo ikifuatwa na *causa* au *gratia* huonyesha lengo: *discendi causa*, "kwa ajili ya kujifunza". Akuzativo huja hasa na *ad*, kwa lengo au utayari: *paratus ad pugnandum*, "tayari kwa kupigana". Ablativo huonyesha njia, *discendo*, "kwa kujifunza", au hufuata *in*, *de*, *ex* na *ab*. Dativo ni adimu. Mahali pazuri pa kuiona ni katika lugha ya madeni, ambako Warumi walisema mtu *solvendo non est* wakimaanisha kwamba hana uwezo wa kulipa.

## Hatua ya tatu: supino, yenye maumbo mawili tu

Supino yenye -um hufuata vitenzi vya mwendo na huonyesha lengo: *salutatum venit*, "amekuja kusalimu", *cubitum eo*, "nakwenda kulala". Inaweza kubeba shamirisho, kama katika *legati pacem petitum venerunt*, "wajumbe walikuja kuomba amani". Supino yenye -u hufuata vivumishi vichache vya ugumu, urahisi, uzuri na ubaya: *facile dictu*, "rahisi kusema", *mirabile dictu*, "ajabu kusimulia". Hayo ndiyo yote. Hakuna sababu ya kuipa wiki nzima.

## Hatua ya nne: partisipio na kasoro yake ya kihistoria

Partisipio ya sasa ni ya kutenda: *legens* katika nominativo, kisha shina la -nt- kwingineko, *legentis*, *legentem*. Partisipio ya wakati uliopita ni ya kutendwa na hutokana na umbo la nne la kitenzi: *lectus*, *lecta*, *lectum*. Partisipio ya wakati ujao ni ya kutenda, nayo huingiza -ur- katika shina hilo hilo: *lecturus*, "anayekwenda kusoma, aliye karibu kusoma". Kumbuka kwamba -nt- ni ya anayetenda na -nd- ni ya gerundio au gerundivo. Herufi moja hiyo hubadili kila kitu.

Wakati wa partisipio hupimwa kwa kitenzi kikuu, haupimwi kwa saa ya msemaji. *Puerum legentem vidi* ni "nilimwona mvulana akisoma", na *puerum legentem videbo* ni "nitamwona mvulana akisoma". Kiambishi chetu -ki- hufanya hivyo hivyo bila kubadilika, ndiyo maana ni tafsiri bora kuliko "anayesoma" pale ambapo partisipio inaeleza mazingira na si sifa ya kudumu. Muktadha ukidai, panua: *legens* inaweza kuwa "aliposoma", "kwa kuwa alisoma" au hata "ingawa alisoma".

Kasoro niliyoitaja ni hii: Kilatini hakina partisipio ya wakati uliopita ya kutenda. Mrumi hakuweza kusema kwa neno moja "akiisha kuuteka", isipokuwa kwa vitenzi vya deponenti, vyenye umbo la kutendwa na maana ya kutenda, kama *locutus*, "akiisha kusema". Kwa vingine alilazimika kuigeuza habari: *Caesar, urbe capta, discessit*, neno kwa neno "Caesar, mji ukiisha kutekwa, aliondoka". Nomino na partisipio yake zote huwekwa katika ablativo, zikajitenga na sentensi iliyobaki. Unapotafsiri huna wajibu wa kubaki na kauli ya kutendwa. Ikiwa ni wazi kwamba mtekaji ni Caesar mwenyewe, "Caesar alipokwisha kuuteka mji, aliondoka" ni Kiswahili bora na ni uaminifu kamili kwa maana.

Yako mambo mawili madogo ambayo vitabu huyapitia upesi. Partisipio ya sasa huishia -e katika ablativo inapofanya kazi ya kitenzi, *sole oriente*, "jua likichomoza", na huishia -i inapokuwa sifa tupu, *ardenti studio*, "kwa bidii inayowaka". La pili, mara nyingine uzito wa maana uko kwenye partisipio na si kwenye nomino. Warumi walihesabu miaka *ab urbe condita*, na tarehe ya jadi ya mwanzo wa hesabu hiyo ni mwaka 753 KK. Usitafsiri "tangu mji uliojengwa", bali "tangu kujengwa kwa mji".

Partisipio ya wakati ujao ina mfano unaojulikana na wengi: *morituri te salutant*, "walio karibu kufa wanakusalimu". Filamu zimewafanya watu waamini kwamba kila mpiganaji wa uwanjani alisema hivyo. Tunachokijua ni tukio moja, la mwaka 52 BK katika ziwa Fucinus, ambako wafungwa waliopelekwa kupigana vita vya kuigiza vya majini walimsalimu hivyo mtawala Claudius.

## Hatua ya tano: gerundivo, mahali panapohitaji subira

Gerundivo ina umbo lile lile la -nd-, lakini ni kivumishi kamili, chenye jinsia tatu, umoja na wingi, na uhusika wote: *legendus*, *legenda*, *legendum*. Daima ni ya kutendwa. Ina matumizi makuu mawili, na makosa mengi hutokana na kuyachukulia kama moja.

Matumizi ya kwanza ni pamoja na *esse*, na hapo huonyesha lazima. *Carthago delenda est*: jina la mji huo ni la kike, hivyo *delenda*, "Carthago sharti uangamizwe". Seneta Cato aliurudia msimamo huo hadi vita vya tatu kati ya Roma na mji huo, ulioko Tunisia ya leo, vilipoanza mwaka 149 KK. Mji uliteketezwa mwaka 146 KK, naye akiwa amekwisha kufa. Sentensi hiyo ikiwekwa chini ya kitenzi cha kuona au kusema, kiima huwa akuzativo na *est* huwa *esse*: *censeo Carthaginem delendam esse*. Waandishi mara nyingi huiacha *esse* hiyo, nawe huna budi kuirudisha kichwani. Njeo hubebwa na *esse* peke yake: *delenda erat*, "ulipaswa kuangamizwa".

Anayepaswa kutenda huwekwa katika dativo. *Hic liber mihi legendus est* si "kitabu hiki kisomwe kwa ajili yangu". Ni "kitabu hiki napaswa kukisoma mimi". Kitenzi kisichobeba shamirisho la akuzativo hakiwezi kupata kiima cha kupatana nacho, kwa hiyo gerundivo hubaki katika umoja wa jinsia isiyo ya kiume wala ya kike: *eundum est*, "inabidi kwenda"; *legibus parendum est*, "ni lazima kuzitii sheria". Katika mfano huu *legibus* tayari ni dativo, maana *parere* huitaka. Tukiongeza *nobis*, msomaji hajui nani anamtii nani. Kilatini hutoka katika mkanganyiko huo kwa kumweka mtendaji na *a* au *ab*: *legibus a nobis parendum est*.

Wanafunzi wa sheria wanaijua *pacta sunt servanda*, "mikataba sharti itekelezwe". Hapo *servanda* ni gerundivo, na *pacta* lenyewe lilianza maisha kama partisipio ya *paciscor*, "kupatana".

Matumizi ya pili hayana lazima yoyote. Kilatini safi hakipendi gerundio ibebe shamirisho. Badala ya *ars libros legendi*, "sanaa ya kusoma vitabu", mwandishi hodari ataandika *ars librorum legendorum*. Utaratibu wa kugeuza ni huu: angalia gerundio iko katika uhusika gani, hapa genitivo, lihamishe shamirisho katika uhusika huo, *librorum*, kisha ligeuze umbo la -nd- liwe kivumishi kinachopatana nalo, *legendorum*. Maana haikubadilika hata chembe, na Kiswahili chake ni kile kile. Katika genitivo, na katika ablativo isiyo na kihusishi, njia zote mbili zinakubalika. Baada ya *ad* na vihusishi vingine, mageuzi ni ya lazima katika nathari nzuri: *ad libros legendos*, si *ad libros legendum*.

Mfano wenye historia ndefu ni *de propaganda fide*. *Fides*, "imani", ni ya kike. Ablativo yake ni *fide*. Gerundivo inapatana nayo, *propaganda*. Maana ni "kuhusu kueneza imani", wala si "kuhusu imani inayopaswa kuenezwa". Hilo ndilo jina la idara ambayo Papa Gregory XV aliianzisha mwaka 1622 kusimamia kazi za umisionari, idara ambayo katika karne ya 19 misheni za Kikatoliki za Afrika Mashariki zilikuwa chini yake, na ndiko neno propaganda lilikotoka.

Mageuzi haya yana mipaka. Hayafanyiki kwa vitenzi vya dativo: *spes hostibus parcendi*, "tumaini la kuwahurumia maadui", hubaki gerundio. Vitenzi vitano vya ablativo, *utor*, *fruor*, *fungor*, *potior* na *vescor*, huruhusiwa: *in munere fungendo*, "katika kutimiza wajibu". Aidha, shamirisho likiwa kivumishi kinachosimama peke yake, gerundio hupendelewa ili jinsia isipotee: *cupidus multa discendi*, "mwenye hamu ya kujifunza mengi", kwa kuwa *multorum* ingeweza kusomwa kama "watu wengi".

Kando ya hayo mawili liko tumizi la tatu, dogo, baada ya vitenzi vya kutoa, kukabidhi na kusimamia. *Pontem faciendum curavit* ni "alisimamia ujenzi wa daraja". Ukitembelea makumbusho yenye mawe ya makaburi ya Kirumi, tazama mwisho wa maandishi: herufi F. C. mara nyingi husimama badala ya *faciendum curavit*, yaani huyu ndiye aliyesimamia kaburi litengenezwe.

## Hatua ya sita: kutenganisha maumbo yanayofanana

Tuchukue *legendum* peke yake na kuliweka katika mazingira manne. *Ad legendum* haina nomino ya kupatana nayo: gerundio, "kwa ajili ya kusoma". *Ad librum legendum* ina *librum*, akuzativo umoja wa kiume: gerundivo isiyo na lazima, "kwa ajili ya kusoma kitabu". *Librum legendum dedit* inafuata kitenzi cha kutoa: "alitoa kitabu kisomwe". *Legendum est* haina kiima na ina *est*: "inabidi kusoma". Kwa hiyo mbele ya -nd- yoyote, tafuta nomino inayopatana, kisha tafuta *esse*, kisha kihusishi, kwa mpangilio huo.

*Lectum* nayo ina hila zake: inaweza kuwa supino, inaweza kuwa partisipio, na inaweza kuwa akuzativo ya *lectus*, kitanda. Ukiiona baada ya kitenzi cha mwendo, soma sentensi hadi mwisho kabla hujaamua kama mtu amekwenda kusoma au anakwenda kulala.

*Mutatis mutandis*, inayopendwa na wanasheria, inakusanya karibu yote tuliyosema katika maneno mawili. *Mutandis* ni gerundivo iliyosimama kama nomino, "yanayopaswa kubadilishwa". *Mutatis* ni partisipio ya kutendwa inayopatana nayo. Zote mbili ni ablativo iliyojitenga. "Yakiisha kubadilishwa yanayopaswa kubadilishwa."

## Zoezi la kuchambua

Soma kifungu hiki polepole, ukitia mstari chini ya kila umbo lisilo na nafsi: *Mercator, Alexandriam navigaturus, amicos salutatum venit. Navigandi cupidus erat, sed navis ei reficienda erat. Nave refecta, ad merces vendendas profectus est. Difficile dictu est quantum lucri fecerit.*

*Navigaturus* inapatana na *mercator*: partisipio ya wakati ujao, "akiwa karibu kusafiri kwa bahari". *Salutatum* inafuata *venit* na kubeba *amicos*: supino. *Navigandi* haina wa kupatana naye na *cupidus* inaitaka: gerundio ya genitivo. *Reficienda* inapatana na *navis* na ina *erat*: gerundivo ya lazima, na *ei* ndiye mwenye wajibu. *Nave refecta* ni ablativo iliyojitenga. *Vendendas* inapatana na *merces*, tena baada ya *ad*: gerundivo isiyo na lazima. *Profectus est* ni deponenti, hivyo ni "aliondoka", si "aliondolewa". *Dictu* ni supino ya pili. Kwa Kiswahili: "Mfanyabiashara mmoja, akiwa karibu kusafiri kwenda Alexandria, alikuja kuwasalimu marafiki. Alikuwa na hamu ya kusafiri baharini, lakini ilimlazimu kwanza kuitengeneza merikebu yake. Alipokwisha kuitengeneza, aliondoka kwenda kuuza bidhaa. Ni vigumu kusema alipata faida kiasi gani."

Sasa funika Kilatini, urudishe kifungu hicho kutoka Kiswahili. Patakapokukwamisha ni "kwenda kuuza bidhaa", kwa kuwa Kilatini kinaruhusu *ad merces vendendas*, *mercium vendendarum causa*, na, kwa kuwa *profectus est* ni kitenzi cha mwendo, hata supino *merces venditum*. Andika zote tatu.